Nilivyopelekwa Tanga Kupunga Upepo

Foronya ilipofunguliwa, harufu ilitoka kabla ya kanga. Mafuta ya nazi, asumini iliyokauka, na ile chumvi ya mbali ambayo siyo ya ziwa letu. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, mwanangu amelala mapajani, na nilikuwa nimejiapiza kwamba kwenye matanga ya shangazi Zuhura sitalia na sitagombana na mtu. Cha kwanza nilivunja kwa sababu ya hiyo kanga yake iliyoletwa kutoka Tanga. Cha pili nusura nikivunje kwa sababu ya baba mkubwa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, sahani ya ubwabwa mkononi, anawaeleza wageni habari za marehemu mdogo wake. "Dada yetu alikuwa mtu mzuri," akasema huku anatafuna, "ila kaishi bure. Nyumba hakujenga. Shamba hakununua. Mtoto hakuacha. Miaka yote ile Tanga, kazi yake ilikuwa kupunga upepo tu."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nikasikia masikio yanawaka moto. Nyie wenzangu mnaolea watoto sasa hivi kama mimi mnajua, mtu aliyefiwa hasira yake haina breki. Nilitaka kusimama nimwage kila kitu mbele za watu, ubwabwa na yote. Sikumwaga, na kwa nini, mtaona. Lakini kuhusu kupunga upepo kwa shangazi, pale hapakuwa na mtu anayejua habari zake kuliko mimi. Ndiko kulikonirudisha shule.

Kwanza mwelewe kitu kimoja. Mtu wa Singida haendi kuutafuta upepo. Upepo wenyewe unatutafuta. Unaamka nao, unafagia nao, unaula kwenye mboga pamoja na vumbi lake. Bati la jirani likianza kugonga tunasema leo umeamka vibaya. Kuoga, kuvaa gauni safi na kutoka nyumbani kwenda kuufuata upepo ni sawa na mtu wa pwani kufunga safari kwenda kutafuta nazi. Kwa hiyo neno lile, kupunga upepo, sisi wa vijijini kule Ilongero hatukuwa nalo. Tulichokuwa tunakijua ni kupunga pepo.

Na mimi nilikuwa naanguka.

Tupo mstarini asubuhi, tunaimba, naona macho yanajaa vitu vyeusi kama nzi, halafu nashtuka niko kivulini, mwalimu ananipepea na kofia. Ikatokea mara nyingi mpaka watoto wakawa hawataki kusimama karibu na mimi. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba tangu babu afariki. Akanitazama siku moja kama anavyotazama ndama mgonjwa, akatoa hukumu.

"Huyu kakumbwa na upepo."

Kwetu kukumbwa na upepo siyo mafua. Ni pepo, lile la kutolewa na mganga kwa ngoma na ubani. Akaendelea, "Asipopona, shule basi. Hatuwezi kupeleka shetani darasani. Atabaki na mbuzi."

Mbuzi nilikuwa nawapenda, sisemi uongo. Lakini nilikuwa najua kusoma kwa sauti kuliko wavulana wote wa darasa la tatu, na mwalimu alikuwa ananisimamisha mbele na kitabu, na pale mbele ndipo mahali pekee duniani nilipokuwa mtu. Mama alikuwa ameolewa kwingine, baba yuko machimboni hajulikani lini atarudi. Nilikuwa wa bibi. Na bibi, mama yao baba mkubwa, baba yangu na shangazi, aliisikiliza hukumu ile huku anachambua mlenda, hakutia neno. Ufunguo wa ghala la chakula haukuwa kiunoni kwake. Ulikuwa kwa mwanawe. Hilo mlikumbuke.

Ndipo shangazi Zuhura akaja kumsalimia mama yake. Mwanamke mrefu, anacheka kwa mabega, anaongea Kinyaturu chenye vipande vya Tanga ndani yake. Hata hakumaliza siku mbili, nikaanguka mbele yake njiani tunatoka kisimani. Alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, na jioni ile watu wote wakiwa wamekaa uani akasema, "Kaka, nipeni huyu mtoto likizo hii akae kwangu Tanga. Akapunge upepo kidogo."

Baba mkubwa akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukasikia kuku wanapiga kelele. Akarudi na jogoo mweusi amefungwa miguu, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili.

Shangazi alishangaa. Kaka yake huyu hakuwahi kumpa hata yai.

"Kaka! Asante jamani. Lakini jogoo, ndani ya basi?"

"Mweusi tii," akasema baba mkubwa. "Hana doa."

"Namwona, kaka."

"Mwangalie vizuri. Hata kwenye kwapa."

Shangazi akainua bawa, akaangalia kwapa la jogoo, akasema kweli hana doa. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya bibi. Nilielewa kila kitu. Napelekwa Tanga kwa waganga wenyewe, na huyu ndiye jogoo wa kazi. Nikipona narudi darasani. Nisipopona, mbuzi.

Shangazi alikuwa anakaa chumba kimoja Ngamiani, kwenye nyumba ya watu wengi. Alikuwa msusi, anasuka watu barazani asubuhi mpaka adhuhuri, na mume wake alikuwa ameshafariki. Asubuhi ya kwanza, kabla sijanawa uso vizuri, aliniwekea mbele bakuli la uji mzito na maandazi na mbaazi za nazi, akakaa kunitazama nikila. Kwetu asubuhi hakuliwi. Nilidhani ni dawa ya kuandaa mwili. Nikaimaliza yote, kwa utii.

Jogoo alikaa siku kadhaa kamba mguuni, halafu shangazi akamwita jirani amchinje. Nikasimama karibu nione damu inapelekwa wapi. Ikafukiwa mchangani. Manyoya yakatupwa. Nyama ikaingia kwenye nazi, na mimi nikapewa paja. Sijawahi kula kitu kitamu kwa wasiwasi mkubwa namna ile.

Alasiri shangazi akanawa miguu, akajifunga kanga mpya, akaniambia, "Hadija, oga uvae lile gauni la maua. Tunakwenda kupunga upepo."

Nikauliza, "Leo?"

"Si ndiyo siku yenyewe? Jumapili watu wote wapo kule."

"Na wewe unapungwa, shangazi?"

"Napunga, ndiyo. Kwani mimi sina haki?"

Kumbe na shangazi anao! Halafu Mwanaidi, mtoto wa jirani, msichana wa rika langu mwenye mdomo kama cherehani, akatokea mlangoni anarukaruka. "Na sisi twaja! Hata bibi yangu yuaja. Yeye asipopunga upepo usiku halali, wallahi."

Niliuogopa mji ule. Mji mzima una mapepo, na wanayasema hivyo hivyo, wanacheka, wanapaka wanja.

Tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye bustani iliyo juu ya bandari. Mnisamehe, ile picha ninayo mpaka leo kamili, kwa sababu mtoto mwenye hofu anaona kuliko mpiga picha. Majani mabichi chini, miti mikubwa inayotoa kivuli, na mbele yake dunia imekatika. Sikujua kama ile ni bahari. Kwetu Singida maji yana ng'ambo. Unasimama ufukweni mwa ziwa unaona mawe ya upande wa pili na ng'ombe wa watu. Haya maji hayakuwa na mtu wa pili. Yalikwenda, yakaenda, yakashikana na mbingu, na katikati yake meli imesimama kama ghorofa iliyosahauliwa.

Halafu nikawaona wagonjwa.

Walikuwa wamekaa kwenye majani, wanawake wamejifunika buibui, wanaume na kofia zao, watoto, wazee, wote wameelekea upande mmoja, wanatazama maji, hawafanyi kitu. Hakuna anayelima, hakuna anayepika, hakuna anayekwenda popote. Mzee mmoja alikuwa amelala chali mdomo wazi. Nikasema moyoni huyu tayari limempanda. Mwanamke akapita na harufu ya udi, nikasema ubani huo. Halafu nikasikia vyuma vinagonga, ka-ka-ka, ka-ka-ka, nikageuka nikaona mtu anakuja na moto wa makaa chini ya birika kubwa, vikombe vinaongea mkononi. Sikuwa na swali tena. Huyo ndiye mganga.

Akafika kwa mzee wa kwanza, akammiminia kitu cheusi, mzee akakunywa akakunja uso. Akaenda kwa wa pili. Anakuja upande wetu. Nikamshika shangazi kanga kwa mikono yote miwili.

"Shangazi, mimi sinywi."

"Kahawa? Nani kakupa wewe kahawa?" Akacheka. "Tulia, mtoto. Kaa upunge."

Nikakaa. Nikafumba macho, nikangoja. Upepo ukaja kutoka kwenye maji, laini, hauna vumbi hata kidogo, ukaingia shingoni na chini ya gauni. Haukunipiga kama wa kwetu. Ulikuwa unanipapasa kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa. Nikangoja kuanguka. Sikuanguka. Ghafla ile meli ikalia, sauti nzito ikaingia mpaka tumboni, nikapiga kelele nikaruka juu, na watu wote waliokuwa karibu wakacheka, Mwanaidi akigaagaa kwenye majani.

"Wa bara huyu! Aogopa honi!"

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Shangazi hakuwa na hela za kunipeleka popote penye mlango, na alikuwa anasema hivyo bila aibu. "Penye geti hapatuhusu. Sisi tunatembea pale ambapo Mungu hakuweka geti." Na Tanga ilikuwa imejaa mahali pa namna hiyo! Tulikwenda kuitazama saa ya zamani kwenye mnara, tunasubiri mshale usogee, na Mwanaidi anaapa ameuona ukisogea. Tulisimama nje ya dirisha la nyumba moja ambako watu wa taarabu walikuwa wanafanya mazoezi, mama mmoja anaimba mstari uleule tena na tena mpaka sisi watoto tukaujua kabla yake, na shangazi anacheza mabega peke yake njiani kama bibi harusi. Tulifuata harusi za watu tusiowajua, tukapiga vigelegele kuliko ndugu zao. Tulipita barabara zenye baiskeli nyingi mpaka nikauliza kama zinagawiwa. Jioni nyingine tulikwenda Raskazone, tukaingia majini na magauni yetu, nikayaonja maji nikatema.

"Chumvi! Kama ya kwetu!"

"Na kwenu kuna bahari?" Mwanaidi akashangaa.

"Kuna ziwa. Lina chumvi, na ndege wekundu wenye miguu kama fito."

"Muongo!"

"Muulize shangazi."

Shangazi akathibitisha, na siku ile kwa mara ya kwanza wa bara nikawa na kitu.

Asubuhi moja tukashuka ufukweni, bahari haipo. Nasema haipo. Palepale tulipoogelea palikuwa na matope na mchanga, boti zimelala ubavu kama ng'ombe wamechoka. Kwetu ziwa likikauka ni msiba, watu wanaomba dua. Nikarudi mbio kwa shangazi napiga mayowe. "Shangazi! Maji yameondoka! Yameibwa!"

Mwanaidi alishindwa kusimama kwa kicheko. "Yamekupwa, wewe! Yatarudi mchana."

"Nani kakwambia yatarudi?"

"Hurudi kila siku!"

Tukaingia ndani ya bahari kwa miguu, tunatembea pale ambapo jana samaki walikuwa wanapita. Kaa wanakimbia upande upande kama walevi. Makombe madogo, ya waridi, yanang'aa. Nilikuwa na furaha mpaka nikajisahau kabisa kwamba nimekuja kutibiwa. Na mchana, bahari ikarudi kweli. Nilikaa kwenye jiwe nikaitazama ikirudi, polepole, bila kuitwa na mtu. Nikasema moyoni, kama kitu kikubwa hivi kinaweza kuondoka na kurudi, basi na mimi shule nitarudi.

Kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba matibabu yalikuwa hayana dalili. Hakuna ngoma, hakuna kupandisha. Nilikuwa nasikiliza kila neno la shangazi kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari. Akisema "Leo upepo mzuri," nafikiri kumbe nina pepo mzuri, afadhali. Akisema "Upepo wa leo unataka kutuondoa hapa," silali.

Halafu ikaja siku ya joto, majani hayatikisiki, bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Shangazi akaketi, akajipepea na ncha ya kanga, akasema, "Mh. Leo hakuna upepo kabisa. Hata kidogo."

Nikaruka juu. "Umeisha?"

"Umeisha. Hakuna."

Jamani. Nilikimbia bustani nzima. Nilimkumbatia Mwanaidi, nikamkumbatia bibi yake, nikampa shikamoo muuza kahawa. "Nimepona! Narudi darasa la tatu! Narudi kusoma mbele!" Watu wanacheka na mimi bila kujua wanacheka nini. Shangazi alidhani ni uchizi wa joto.

Kesho yake tukarudi palepale. Miti inayumba, buibui za watu zinajaa kama puto. Shangazi akafumbua mikono, akavuta pumzi, akasema kwa furaha, "Alhamdulillahi! Upepo umerudi. Tena mkali kuliko ule."

Nikakaa chini nikalia. Siyo kulia kwa kitoto. Nililia kama mtu aliyepewa talaka. Shangazi akapiga magoti, akanishika mashavu. "Hadija! Nini? Nani kakupiga?"

"Umerudi," nikasema. "Umesema umerudi. Mimi nitachunga mbuzi."

"Nini kimerudi?"

"Upepo wangu. Na jogoo tumeshamla." Hapo nikashindwa kabisa. "Mganga hata hajaja, na jogoo tumemla, shangazi, tumempika na nazi!"

Nilimwona anaelewa. Ilichukua muda. Aliniangalia mimi, akaitazama bahari, akayatazama yale majani yaliyojaa watu waliokaa, na mabega yakaanza. Alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani, akacheka mpaka akalala chali pembeni ya yule mzee anayelalaga mdomo wazi. "Hata kwenye kwapa!" akawa anasema. "Kaka yangu! Kanikagulisha kwapa la kuku! Ndiyo maana kakubali upesi vile!"

Halafu akakaa. Akanivuta kifuani, ndani ya ile harufu ya nazi na asumini.

"Nani kasema una pepo?"

"Baba mkubwa. Naanguka."

"Huku umeanguka mara ngapi?"

Nikafikiri. Sikuwa nimeanguka hata mara moja.

"Nyumbani asubuhi, kabla ya kwenda shule, unakula nini?"

"Asubuhi hatuli. Baba mkubwa anasema mtoto kula asubuhi ni kufuga uvivu. Ghala linasubiri bei ipande."

"Na mchana?"

"Tukirudi. Ikiwepo."

"Na bibi?"

"Bibi anasema yeye ameshakula. Lakini simwonagi akila."

Sikuelewa kwa nini shangazi alinibana hivyo mpaka mbavu zikauma. Sasa nina mtoto, naelewa. Lakini wakati ule nilitaka jibu moja tu. "Shangazi, ninalo au sina?"

Angeweza kuniambia sina, yakaisha. Aliniangalia, na nadhani palepale alikuwa ameshamfikiria baba mkubwa na ule ufunguo wake. Ile meli ilikuwa imeng'oa nanga, inageuka polepole, inatoka bandarini.

"Simama," akasema. "Nyoosha mkono. Punga."

"Nimpungie nani?"

"Huyo wako. Anaondoka na meli. Mpungie aende salama, asije akasema tumemfukuza."

Nikapunga. Mwanaidi, ambaye hajawahi kuachwa nje ya jambo, akapunga. Bibi yake akapunga. Na kule mbali, juu ya meli, mtu mdogo kama sisimizi akatupungia na yeye. Nilimwona kwa macho yangu. Meli ikalia, na safari hii sikuruka.

Likizo ilipoisha shangazi alinirudisha mwenyewe mpaka Ilongero. Nilikuwa nimenenepa mpaka gauni la maua linabana kwapani. Tulipoingia uani, baba mkubwa hakunisalimia kwanza. Nilisema shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akamuuliza shangazi, "Kapungwa?"

"Kila siku, kaka," akajibu, uso mkavu kama mawe ya ziwani. "Jumapili mara mbili."

"Na jogoo?"

"Kazi yake kaifanya. Hakubaki hata kidogo."

"Umetoka?"

"Umetoka. Umepanda meli, watu wameshuhudia." Akaketi, akatengeneza kanga yake taratibu. "Lakini una sharti."

Mnajua wenyewe. Mtu wa kwetu anaweza kubishana na mwenyekiti wa kijiji, anaweza kubishana na shemasi na shehe. Sharti habishani nalo. Baba mkubwa akasogeza kigoda karibu. Bibi aliyekuwa anapepeta uwele akasimamisha ungo.

"Asitoke asubuhi tumbo tupu," akasema shangazi. "Upepo ule unapenda tumbo tupu, ndimo unamokaa. Anywe uji. Mzito, siyo maji maji. Na karanga ndani yake. Na siyo yeye peke yake, maana ukimkosa yeye unaingia kwa mtoto anayemfuata. Watoto wote wa nyumba hii."

"Wote?" Mkono wa baba mkubwa ulikuwa umeushika ufunguo.

"Wote, kaka. Na mama pia, maana ndiye anayelala nao. Na sharti likivunjwa, ukirudi hauanzii kwa mtoto."

"Unaanzia kwa nani?"

Shangazi akahema, kama mtu anayesikitika kuleta habari mbaya. "Kwa mwenye ghala."

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio ambao sikuwahi kuusikia muda ule wa siku. Kufuli la ghala. Baba mkubwa mwenyewe, na koti lake la baridi, anapima uwele na karanga kwenye ungo wa bibi, na anaongeza, anaogopa kupunja. Bibi alipika. Alikoroga uji ule akiwa ameinamisha uso, na nilipokwenda kuchukua bakuli langu nikamsikia anasema chini chini, kwa Kinyaturu, kama anaongea na sufuria, "Upepo huu una akili. Unajua mpaka kipimo cha karanga." Halafu akajimiminia bakuli lake, akakaa kwenye kizingiti, akanywa mbele ya kila mtu.

Sikuanguka tena. Nilisoma mbele ya darasa la tatu, na la nne, na mpaka kidato cha nne nilifika, na baba mkubwa anawaeleza watu kwamba aliniponyesha kwa jogoo wake.

Sasa rudini na mimi kwenye matanga. Kaishi bure, anasema, kazi yake kupunga upepo. Nilimlaza mwanangu mkekani, nikasimama kabisa, nimemsogelea, mdomo umeshafunguka. Nilikuwa tayari kumwambia mbele za wageni: hakukuwa na pepo. Ilikuwa njaa, baba mkubwa, na ghala lilikuwa limejaa.

Nikatazama nyuma yake. Kwenye mlango wa jikoni walikuwa wamejipanga wajukuu zake, wengi, wadogo, bakuli mikononi, wanasubiri uji kama wanavyosubiri kila asubuhi katika nyumba ile, maana sharti halijawahi kuvunjwa hata siku moja. Na kiunoni kwake, kwenye mkanda, ufunguo uleule. Nikimwambia ukweli leo, kesho nani atafungua ghala?

Nikaumeza. Ulikuwa na pembe, lakini nikaumeza. Nimeandika hapa kwa sababu yeye hasomi mambo haya, na nyie mliosoma msimpelekee.

"Baba mkubwa," nikasema.

"Naam, mama."

"Nilikuwa nauliza tu. Na shughuli hizi za msiba, watoto wamekunywa uji?"

Kijiko kikasimama njiani. Nje, upepo wa Singida ulikuwa umeanza, bati la jiko likagonga, kaa, kaa. Baba mkubwa akatazama juu. Akaweka sahani chini.

"Nyie huko jikoni!" Sauti yake ikapasuka. "Wajukuu bado? Wapeni! Sasa hivi! Na karanga! Nani kapunguza karanga?"

Wanawake wakaangaliana, mwingine akaficha kicheko kwenye mtandio. Mimi nikarudi mkekani, nikamfunika mwanangu na ile kanga ya Tanga. Bati likagonga tena. Nikainua mkono kidogo, chini chini watu wasinione, nikapunga.